Anzeni na sufuria: kumsaidia ndugu apunguze uzito bila kumvunja moyo

Katika nyumba nyingi za Tanga mwili mkubwa bado unahesabiwa kuwa dalili ya raha. Mke akinenepa, mume husifiwa kwamba anamtunza. Akipungua, majirani huanza kunong'ona kuwa anaumwa. Kwa hiyo mama aliyeshauriwa kliniki apunguze kilo kwa sababu ya presha au sukari anabeba mizigo miwili: mwili wake na midomo ya watu. Msaada wa familia huanzia hapo.

Maneno ndiyo yanayoharibu mapema zaidi. Kumwita mtu bonge au tipwatipwa, hata kwa utani wa mashemeji, hakumpunguzii hata robo kilo. Anayechekwa kwa mwili wake hula kwa kujificha, huona haya kutembea barabarani na huchelewa kwenda kupimwa. Usimhesabie matonge mbele ya watoto, wala usimwonyeshe picha za harusi yake ukimwambia alivyokuwa zamani. Mtafute akiwa peke yake, ametulia, umwombe ruhusa kwanza: "Shikamoo mama. Naomba tuzungumze kidogo kuhusu presha yako. Ungependa tukusaidie vipi hapa nyumbani?" Akisema si leo, basi si leo. Mume naye aseme "tupike hivi sote wiki hii", asiseme "wewe punguza kula". Mtu anayepikiwa chungu chake peke yake huku wenzake wanakula biriani hadumu hata mwezi, na hatuna sababu ya kumlaumu.

Lengo liwe dogo. Kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa mwanzo, yaani kilo 4.5 hadi 9 kwa mwenye kilo 90, kunatosha kuleta nafuu ya presha na sukari. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri. Kama hamna mizani, tumieni uzi: pimeni urefu wake kuanzia utosini hadi kisiginoni, ukunjeni uzi katikati, kisha uzungusheni tumboni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Nusu hiyo isipofika kuzunguka, mafuta ya tumboni yamezidi. Jipimeni nyumba nzima, ili asijione ndiye mgonjwa pekee.

Sasa jikoni, ambako kazi kubwa iko. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori karibu 120, na anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu huweka vijiko vitano au sita bila kujua. Pimeni kwa kijiko. Viwili vinatosha mchuzi wa watu watano. Mchuzi wa nazi hauhitaji mafuta kabisa. Chemsha kitunguu, nyanya, bizari na samaki katika tui jepesi la mkamuo wa pili, kisha malizia na vijiko vitatu au vinne vya tui zito. Harufu ya nazi inabaki, na mafuta yanapungua sana. Changu au kibua wa kuchoma au kupaka awe wa kawaida. Wa kukaanga abaki kwa siku maalumu.

Chai inahitaji uangalifu wake. Nyumba nyingi hupika sukari humohumo kwenye birika, hivyo anayetaka kupunguza hana la kufanya. Ipikwe bila sukari, kila mtu ajitilie. Mwenye kunywa vikombe vinne vya vijiko vitatu vitatu anakula vijiko 12, karibu gramu 50, kabla hajagusa soda wala juisi ya ukwaju. Apunguze nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea, lakini ukikata ghafla hurudi kwa kishindo. Chungwa la Muheza lina faida zaidi likitafunwa na nyama zake kuliko likikamuliwa, maana glasi moja ya juisi humeza machungwa matatu au zaidi. Asubuhi, hamri moja na bakuli la mbaazi hushibisha kuliko mahamri manne na chai tupu.

Kula kwenye sinia ni udugu, kusiachwe. Badilisheni kinachowekwa juu yake: mchicha, matembele, bamia au kachumbari zichukue nusu, samaki au maharage robo, wali au bada (ugali wa muhogo) robo. Mboga ziliwe mwanzo.

Mji wetu ni tambarare na baiskeli si ajabu kwa mtu yeyote, hata mwanamke wa makamo. Dakika 30 kwa siku, siku 5 za wiki, zinatosha. Aanze na 10, aongozane na mtu. Baada ya Alfajiri au baada ya Alasiri upande wa Raskazone jua halichomi. Mwenye maumivu ya magoti baiskeli humfaa kuliko kutembea.

Baada ya miezi kadhaa mizani inaweza kugoma. Mwili mwepesi hutumia nguvu kidogo, na maji peke yake huweza kupandisha au kushusha kilo moja au mbili. Apimwe mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya chai. Sifieni matendo na nguvu alizopata: amepanda ngazi bila kuhema, gauni limelegea. Mizani ikigoma, ndipo wauzaji wa chai za kukata tumbo humpata. Nyingi zina sanamaki, dawa ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, na mafuta hubaki palepale.

Mjamzito hapaswi kupunguza uzito, na mtoto asinyimwe chakula bila ushauri wa mtaalamu. Anayepungua bila kujaribu apelekwe akapimwe, hasa kifua kikuu na sukari.

Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi aonane na daktari kabla ya kupunguza chakula, kwa sababu sukari inaweza kushuka mno. Akitokwa na jasho, kutetemeka au kuongea ovyo, na bado anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, msubiri dakika 15, mrudie kama hajapata nafuu, kisha mpeni chakula. Akishindwa kumeza msimtilie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu na mpelekeni hospitali mara moja, mkiwa na dawa zake zote mkononi.