Binti anapohama chuo: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu soka la wanawake Marekani

Mwezi Novemba, siku chache baada ya dirisha la uhamisho kufunguliwa, mpwa wangu, anayecheza soka la chuo hapa Marekani, alikuja kwangu na begi la nguo, njumu zenye matope yaliyokauka, na karatasi tatu za matokeo ya masomo yake. Alizitandaza mezani, akaanza kuzipitia mstari kwa mstari kwa kalamu ya rangi. Simu ikaita. Alikuwa dada yangu, anapiga kutoka Moshi. Hata salamu hakutoa.

"Kaka, niambie ukweli. Mwanangu wamemfukuza?"

Hakufukuzwa na mtu. Yeye mwenyewe aliomba kuhama, na kumwelewesha mama yake kulinichukua karibu saa nzima. Tangu siku hiyo nimeulizwa maswali yaleyale na wazazi wengine, walioko huku na walioko nyumbani, wenye mabinti wanaocheza au wanaotarajia kuja kucheza. Mengi wanayoyaamini yaliwahi kuwa kweli zamani, mengine hayajawahi kuwa kweli kabisa.

"Anayehama ameshindwa"

Hii ndiyo inayowaumiza mabinti kuliko zote, kwa sababu huambiwa na watu wanaowapenda.

Lango la uhamisho ni orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama. Ni la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vingi Marekani, na lilianza kazi Oktoba 2018. Kabla ya hapo, mchezaji aliyetaka kuzungumza na chuo kingine alilazimika kuomba ruhusa ya chuo chake, na chuo kingeweza kukataa. Siku hizi anaandika tu kwa ofisi inayosimamia kanuni za michezo chuoni kwake, na ofisi hiyo ina siku 2 za kazi kuliingiza jina lake. Likishaingia, makocha wa kwingine wanaruhusiwa kumtafuta. Wakimtafuta kabla ya hapo wanavunja kanuni.

Sababu za kuhama ni nyingi. Kocha aliyemleta kaondoka. Somo analolitaka halifundishwi pale. Dakika za kucheza hazipatikani. Mwingine amemaliza shahada ya kwanza na bado ana msimu mmoja mkononi. Michelle Alozie wa Nigeria alisoma Yale, ambayo iko kwenye Ligi ya Ivy ya vyuo vinane vikongwe, na ligi hiyo kwa desturi haimruhusu mwanafunzi wa uzamili kucheza. Alipohitimu, alikwenda kumalizia Tennessee. Hapo utasema alishindwa nini?

Tazama na Onyi Echegini, Mnigeria mwingine, aliyezaliwa Uholanzi. Alianzia Mississippi State, akahamia Florida State mwaka 2022. Mwaka 2023 timu yake ilitwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga Stanford 5-1 katika fainali, na yeye akapewa tuzo ya MAC Hermann, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa soka la vyuo. Kutoka hapo akaenda Juventus.

Mwaka uliofuata tuzo hiyohiyo ilikwenda kwa Kate Faasse wa North Carolina. Huyu hakuhama. Misimu yake miwili ya mwanzo hakuwa akipewa muda mwingi uwanjani, akavumilia, na mwaka 2024 akafunga mabao 20, timu ikawa bingwa. Nawataja wote wawili kwa sababu kila nikimtaja Echegini mzazi huondoka akidhani namshauri binti ahame, na nikimtaja Faasse hudhani namshauri abaki. Simshauri lolote kati ya hayo. Ninachokataa ni kumpima mtoto wa watu kwa kuhama au kutohama kwake.

"Ukihama unakaa nje mwaka mzima"

Hili limetoka kwenye michezo mingine. Zamani waliobanwa na kanuni ya kukaa nje mwaka mzima, hata kama chuo kimewaachia kwa moyo mweupe, walikuwa wa michezo mitano: mpira wa Kimarekani, mpira wa kikapu wa wanaume na wa wanawake, besiboli, na hoki ya barafu ya wanaume. Mchezaji wa soka la wanawake angeweza kuhama mara moja na kucheza papo hapo, mradi chuo cha zamani kikubali. Mwaka 2021 nafuu hiyo ya mara moja ikawekwa kwa michezo yote ya Divisheni ya Kwanza, daraja la juu kati ya matatu ya NCAA. Aprili 2024 kikomo cha idadi ya kuhama kikaondolewa pia, kwa sharti kwamba mchezaji awe sawa kimasomo.

Sharti hilo la masomo watu hulisoma harakaharaka, na ndilo linalowakwamisha. Nitalirudia.

"Jina likiingia langoni, timu zinakusubiri"

Laiti ingekuwa hivyo. Jina likishaingia, chuo cha zamani kina haki ya kuuondoa ufadhili wako muhula ukiisha. Hakilazimiki kukurudisha ukijuta. Wengine hurudi kwa makubaliano na kocha, wengine mlango huwa umeshafungwa. Na huko langoni unakutana na wenzako wengi wa nafasi ileile unayocheza, kila mmoja na video yake.

Mpwa wangu aliwaandikia makocha 21. Waliojibu ni 6, waliompigia simu ni 2. Ni beki wa kulia mzuri, nasema hivyo si kwa ujomba tu. Usiku mmoja nilimkuta jikoni saa nane, amekaa gizani, simu mkononi, anaifungua barua pepe na kuifunga. "Mjomba, labda ningenyamaza tu nikabaki," aliniambia. Sikuwa na jibu. Nilimchemshia chai.

Kwa hiyo mzazi asije akadhani binti akiingia langoni kazi imekwisha. Wiki hizo ni ngumu, na mtoto anahitaji kupigiwa simu na watu wa nyumbani bila kuulizwa kila mara "umepata?"

"Amepata ufadhili" maana yake kila kitu kimelipwa

Kwa miaka mingi timu ya wanawake ya Divisheni ya Kwanza iliruhusiwa kutoa ufadhili wenye thamani ya nafasi kamili 14 tu, na kocha alikuwa huru kuzikatakata. Timu ilikuwa na wachezaji 28, 30 na zaidi. Piga hesabu mwenyewe. Wengi walipata nusu, robo, au fedha za vitabu. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo kabisa, wala Ligi ya Ivy. Huko msaada hutolewa kwa kuangalia kipato cha familia, na Divisheni ya Tatu hutoa pia kwa ufaulu darasani. Divisheni ya Pili hutoa, ila kidogo kuliko ya Kwanza, na isidharauliwe: Mganda Sandra Nabweteme alifunga mabao mengi akiwa Southwestern Oklahoma State, chuo cha Divisheni ya Pili, kisha akacheza Ulaya.

Mwaka 2025 mambo yakageuka. Mahakama iliidhinisha suluhu ya kesi ya wachezaji dhidi ya NCAA, iliyojulikana kama House, na kuanzia Julai 1 vyuo vilivyojiunga nayo havina tena kikomo cha ufadhili bali kikomo cha kikosi: wachezaji 28 kwa soka la wanawake. Watu walisikia "kikomo cha ufadhili kimeondolewa" wakashangilia. Polepole. Chuo sasa *kinaweza* kuwalipia wote 28, lakini hakilazimishwi, na vyuo vingi vinapeleka fedha mpya kwenye mpira wa Kimarekani na kikapu cha wanaume. Wakati huohuo timu zilizokuwa na wachezaji 33 au 35 zilibidi zipungue. Waliotangulia kuondolewa ni wale wasio na ufadhili, waliokuwa wakijilipia ada ili wavae tu jezi ya chuo. Kanuni iliwawekea njia ya kutohesabiwa baadhi ya waliokuwapo tayari, lakini wanaokuja nyuma yao hawana kinga hiyo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza kocha ni: asilimia ngapi, kwa mwaka mmoja au kwa miaka yote, na bweni na chakula vimo? Majibu yote yawe kwa maandishi.

"Kuhama ni suala la mpira"

Hapa ndipo penye karatasi zile tatu na kalamu ya rangi.

Shahada nyingi za Marekani zina krediti 120, na kila somo hubeba krediti zake, mara nyingi 3 au 4. NCAA inamtaka mchezaji wa Divisheni ya Kwanza awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake anapoanza mwaka wa tatu, asilimia 60 anapoanza wa nne, na 80 anapoanza wa tano. Unapohama, chuo kipya ndicho kinachoamua ni masomo yako yapi kinayapokea, na kati ya hayo ni yapi yanaingia kwenye shahada uliyoichagua. Yanaweza kupokelewa yote, yakaandikwa vizuri kabisa, na nusu yake yasihesabike popote.

Mpwa wangu alikuwa mwaka wa tatu, na kufikia Desemba angekuwa na krediti 75. Chuo cha kwanza kilichompigia, chenye uwanja wa kifahari na kocha mcheshi, kilihesabu 52 kwenye shahada yake. Akiongeza 15 za muhula wa pili anafika 67, na asilimia 60 ya 120 ni 72. Angekosa 5, na angelazimika kusoma kipindi cha kiangazi kwa fedha zake, la sivyo Agosti angekaa jukwaani na jezi yake mpya. Chuo cha pili, ambacho hata jina lake dada yangu hakuwahi kulisikia, kilihesabu 66. Ukiongeza 15 unapata 81.

Alichukua kalamu ya kijani, akalizungushia duara lile 66, akaweka kalamu chini. Uamuzi ulifanyika pale, mpira ukiwa haujatajwa.

Kwa binti aliyetoka Afrika Mashariki kwa viza ya mwanafunzi, F-1, kuna jambo la ziada. Rekodi yake ya uhamiaji, iliyoko kwenye mfumo wa SEVIS, nayo inahama. Chuo cha zamani huiachia kwa tarehe mliyokubaliana, na chuo kipya hutoa fomu mpya ya I-20, inayoonyesha kuwa sasa ni mwanafunzi wake. Asiondoke kwanza halafu ndiyo afuatilie karatasi. Aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni mapema, ikiwezekana wiki ileile anayoingiza jina langoni. Viza hiyohiyo ndiyo inayombana pia kwenye fedha za matangazo, zile ambazo wachezaji wameruhusiwa kuzipokea tangu Julai 2021. Mwenzake Mmarekani anaweza kusaini na duka la viatu kesho asubuhi. Yeye kwanza amwone mwanasheria wa uhamiaji.

"Timu yenye kundi bora la wapya ndiyo itakayotamba"

Kila mwaka hutolewa orodha zinazopanga makundi ya wachezaji wapya wa kila chuo, wa kwanza hadi wa mwisho, na ya tovuti ya TopDrawerSoccer ni miongoni mwa zinazojulikana sana. Ni kazi ya watu wanaoujua mpira. Lakini wanawapima wasichana wa miaka 16 na 17, na kinachopangwa ni kundi la wanaotoka sekondari. Aliyehamia akiwa na miaka 21, misimu mitatu miguuni na shahada karibu mkononi, mara nyingi haonekani katika hesabu hiyo, na Agosti ndiye anayeanza.

Hapo pana uchungu wa kweli kwa watoto wa sekondari, na sitaupunguza. Kikosi kina nafasi 28, na kila nafasi inayokwenda kwa mchezaji aliyehama chuo haiendi kwa mtoto wa kidato cha mwisho. Malalamiko ya wazazi hao si wivu.

Ahadi za mdomo nazo zimewaponza wengi. Zamani mabinti wa miaka 13 na 14 walikuwa wakitangaza chuo watakachokwenda. Tangu 2019 kocha haruhusiwi kuanza mawasiliano ya usajili na mchezaji wa soka kabla ya Juni 15 baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari. Lakini hata baada ya tarehe hiyo, ahadi ya mdomo haimfungi mtu, si binti, si kocha. Hati ya taifa ya kujifunga na chuo, iliyokuwa ikisainiwa mbele ya kamera na kofia mezani, ilifutwa Oktoba 2024. Kinachobaki na nguvu ni mkataba wa ufadhili wenye saini. Na kama ni wa mwaka mmoja, ni wa mwaka mmoja.

Anayehamia naye asidhani atapokewa kwa vigelegele. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mpwa wangu alianza Januari, katikati ya mwaka, ili apate mazoezi ya msimu wa kuchipua pamoja na wenzake kabla ya mechi za Agosti. Wiki ya kwanza alikula peke yake. Ya pili, kipa wa timu, msichana mrefu asiyesema sana, alimsogezea kiti.

Dada yangu alipiga Jumapili iliyopita. Safari hii alinisalimia vizuri, akauliza habari za baridi, akauliza za watoto. Kisha akasema kuna jirani yake pale Moshi ambaye binti yake yuko Texas na anataka kuhama.

"Nimemwambia asikurupuke," alisema. "Nimemuuliza, huko anakokwenda wamemhesabia krediti ngapi?"