Upasuaji wa kupunguza unene: maswali tunayoulizwa Lubumbashi

Swali: Upasuaji huu unamfaa nani?

Jibu: Humfaa mtu mnene sana ambaye unene wake unamletea maradhi, kama vile ugonjwa wa sukari au tansio (shinikizo la damu), na ambaye njia nyingine zimemshinda. Hupunguza tumbo la chakula au hubadilisha njia ya chakula ili mtu ashibe mapema. Haufanywi kwa ajili ya gauni la harusi, ingawa ombi hilo nimelisikia zaidi ya mara moja.

Swali: Nikijuta, je, tumbo langu linaweza kurudishwa?

Jibu: Inategemea aina. Puto, ambalo huingizwa tumboni kupitia mdomoni, kwa kawaida hutolewa baada ya miezi 6 hivi, na mara nyingi kilo hurudi. Pete inayofungwa juu ya tumbo la chakula nayo hutolewa, lakini inaweza kuteleza au kutoboa ukuta wa tumbo, ndiyo maana wapasuaji wengi wameiacha. Katika slivu, daktari hukata na kuondoa robo tatu ya tumbo au hata zaidi. Kipande hicho kimekwenda, na hakuna fundi wa kukirudisha. Bayipasi huacha kifuko cha mililita 30 hivi na kukiunganisha na utumbo wa mbele zaidi. Wakati mwingine inaweza kurudishwa, lakini kwa upasuaji mwingine ulio mgumu kuliko wa kwanza, na mtu asiingie akiutegemea. Kwa slivu na bayipasi, vitamini na vipimo vya damu ni vya maisha yote, si vya kifurushi kimoja ulichopewa uwanja wa ndege ukirudi kutoka kupasuliwa ng'ambo.

Swali: Nilifanyiwa slivu ng'ambo, nimerudi juma lililopita, nina homa na tumbo linauma. Je, ni palu (malaria)?

Jibu: Usiseme palu. Mama mmoja alikuja kwetu amejifunga kitenge kiunoni, beseni dogo mkononi, na ndani ya mkoba wake mlikuwa na pakiti mbili za dawa ya palu, moja imekwisha na nyingine imeanzwa. Mapigo ya moyo wake yalikuwa 130 kwa dakika. Alikuwa ameuguza homa siku nne nyumbani, wakati mshono wa tumbo lake ulikuwa umeachia na uchafu ulikuwa ukivuja ndani.

Kuvuja huko huwapata wachache, lakini wanaochelewa kufika hospitalini wanaweza kufa. Dalili zake ni moyo kwenda mbio, hasa zaidi ya 120, maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto, pumzi fupi, na homa, ambayo pengine haipo kabisa. Nenda siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye wapasuaji. Je, kipimo cha palu kikionyesha kwamba unayo? Nenda vilevile, kwa sababu katika mji wetu mtu anaweza kuwa na vijidudu vya palu na mshono ulioachia kwa wakati mmoja. Je, ikiwa ni usiku? Nenda usiku. Usingoje dozi iishe.

Swali: Sina homa, ninatapika tu. Nimeambiwa tumbo linazoea.

Jibu: Tumbo halizoei kwa kutapika kila siku. Huenda njia imebanana, na mwili huishiwa vitamini B1 kwa muda wa wiki chache tu. Ndipo macho huanza kuchezacheza, miguu huyumba, na mtu husahau mambo, na mengine ya hayo hayaponi tena. Jambo linalonikasirisha ni serumu ya sukari inayotundikwa nyumbani na jirani. Bila B1 kutangulia, sukari hiyo inaweza kuharakisha madhara kwenye ubongo.

Swali: Naweza kumeza diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo?

Jibu: Aliyefanyiwa bayipasi asizimeze, hata kama muuzaji wa farmasia anazisifu, kwa kuwa huleta vidonda pale tumbo lilipounganishwa, na kidonda hutoboka. Parasetamoli yatosha. Sigara nayo huleta vidonda hivyo hivyo.

Swali: Na mimba?

Jibu: Ingoje mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Baada ya bayipasi usitegemee vidonge vya uzazi wa mpango, kwa maana huenda mwili usivipokee vizuri. Uliza sindano au kipandikizi.

Swali: Sipendi watu wajue. Je, lazima niseme?

Jibu: Majirani hawana haki ya kujua, na ninafahamu jinsi mtu akikonda hapa mtaani anavyosingiziwa magonjwa. Lakini muuguzi anayekupokea mlangoni ni lazima ajue, kabla hata hajakupima joto. Mwambie: «Nilikatwa tumbo tarehe fulani, ni slivu,» au «ni bayipasi.» Ripoti ya upasuaji iombe kabla ya kupanda ndege, iwe katika Kifaransa ikiwezekana, na nakala yake akae nayo mtu wa nyumbani, kwa sababu mama yule wa beseni alipofika kwetu hakuweza tena kusema, na dada aliyemleta alijua tu kwamba amesafiri kwenda kununua vitambaa.