Je, wajua kwa nini gemu za uzinduzi wa konsoli hutengenezwa mbiombio?

Mei 2005, kwenye maonyesho ya gemu ya E3 jijini Los Angeles, watu walisogea kuonja Xbox 360, konsoli (mashine ya kuchezea gemu) mpya ya Microsoft iliyokuwa bado haijaingia sokoni. Padi mkononi, gemu kwenye skrini, na sanduku jeupe la konsoli limekaa pale mbele ya macho kama bibi harusi. Waliochungulia kabatini wakakuta mambo mengine: gemu zile zilikuwa zinaendeshwa na kompyuta za Power Mac G5, kazi ya Apple, mshindani wa Microsoft wa miaka nenda miaka rudi. Sanduku jeupe lilikuwa pambo tu.

Kichekesho, ndiyo, lakini hakukuwa na ujanja mkubwa hapo. Prosesa (chipu kuu) ya Xbox 360 ilikuwa ya ukoo wa PowerPC, uleule wa Power Mac, na kwa kuwa konsoli yenyewe haijakamilika, Microsoft ilizigawia studio kompyuta hizo waanze nazo kazi. Konsoli iliingia madukani tarehe 22 Novemba mwaka huohuo. Hesabu mwenyewe: imebaki miezi sita gemu ziuzwe, na mashine ambayo zitachezwa juu yake bado ni ahadi.

Gemu zinazotoka siku moja na konsoli mpya huitwa gemu za uzinduzi, na sifa yao mnaijua: zinang'aa, zinaisha mapema, na ukizitafuna sana hupati mfupa. Lawama ya kawaida ni kwamba watengenezaji ni wavivu au wana tamaa ya pesa. Sikatai kwamba tamaa ipo. Ila anayetaka jibu la kweli aanze na swali jingine: saa ya gemu hiyo ilianza kuhesabu lini?

Fikiria fundi cherehani anayeambiwa ashone suti ya mtu asiyemwona. Mwanzoni anapewa karatasi yenye vipimo. Baada ya muda analetewa mtu mwingine "anayefanana naye kidogo" ampime huyo. Baadaye vipimo vinabadilika. Mwenye suti anafika mlangoni siku chache kabla ya harusi, na harusi haiahirishwi. Hivyo ndivyo studio inavyoipokea konsoli mpya. Kwanza inakuja nyaraka yenye tarakimu za kasi na kumbukumbu, kisha kompyuta ya kawaida iliyotengenezwa ili iigize konsoli, kisha mashine za majaribio zenye chipu ambazo bado zinarekebishwa, na mwisho kabisa, pengine miezi michache kabla ya uzinduzi, mashine yenyewe. Kila hatua inaweza kuvunja kilichojengwa katika hatua iliyotangulia. Hata habari njema zinaleta kazi: kumbukumbu ya Xbox 360 ilipangwa iwe megabaiti 256, ikapandishwa hadi 512 baada ya studio ya Epic Games kushinikiza. Kila mtu alifurahi, na kila mtu akarudi kupiga hesabu zake upya.

Juu ya hapo kuna vifaa vya kazi vyenyewe. Programu zinazotafsiri msimbo wa gemu kwenda lugha ya chipu mpya nazo ni changa. Gemu ikiganda, mwanaprogramu hajui kosa ni lake, la programu ya kutafsiri, au la chipu. Kwenye konsoli iliyokaa sokoni miaka mitano, swali hilo lina jibu kwa sababu maelfu ya watu wameshapita njia hiyo. Kwenye konsoli mpya, wewe ndiye wa kwanza kupita.

Kuna mtu aliyewahi kuupima usumbufu huu kwa namna ninayoipenda sana. Mark Cerny, msanifu mkuu wa PlayStation 4, konsoli ya Sony, alieleza mwaka 2013 kipimo anachokiita muda wa kufikia pembetatu. Picha zote za gemu za kisasa hujengwa kwa pembetatu ndogondogo, kwa hiyo swali ni hili: studio ikikabidhiwa mashine mpya, itachukua muda gani hadi iweze kuchora cha maana kwenye skrini na injini yake, yaani programu ya msingi inayoendesha gemu, ianze kwenda? Kwa PlayStation ya kwanza ilikuwa mwezi 1 hadi 2. PlayStation 2, miezi 3 hadi 6. PlayStation 3, miezi 6 hadi 12.

Itazame hiyo ya mwisho kwa makini. Prosesa ya PlayStation 3, iliyoitwa Cell, ilikuwa na kiini kimoja kikuu na kundi la viini vidogo vyenye kasi kubwa, lakini vidogo hivyo havikuweza kujichotea data vyenyewe kutoka kwenye kumbukumbu kuu kama prosesa ya kawaida. Mwanaprogramu alilazimika kuvilisha kwa kijiko: data hii sasa, ile baadaye, matokeo yarudishwe huku. Ukimpa mtu miezi 18 atengeneze gemu ya uzinduzi wa mashine hiyo, na miezi 12 ikaishia kwenye pembetatu, basi gemu yenyewe imetengenezwa kwa miezi 6. Mchezaji haoni ile 12. Anaona gemu fupi. Cerny alisanifu PlayStation 4 akiwa na tatizo hilo kichwani, akatumia prosesa ya aina inayojulikana kwenye kompyuta za kawaida, na muda ukarudi mwezi 1 hadi 2.

Upande wa pili wa mtego ni tarehe. Gemu ya kawaida ikichelewa, watu wananung'unika, inatoka mwaka unaofuata, maisha yanaendelea. Gemu ya uzinduzi imefungwa kwenye kalenda ya watu wengine: viwanda vimeshapangiwa kazi, matangazo yamelipiwa, na konsoli nyingi hulenga mauzo ya mwisho wa mwaka. Tena gemu lazima iwe imekamilika wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, kwa kuwa mwenye konsoli huikagua kwanza, kisha diski zichapwe na kusafirishwa. Ikiikosa siku hiyo, cheo cha uzinduzi kimepotea. DriveClub, gemu ya mbio za magari, ilitakiwa itoke na PlayStation 4 mwaka 2013. Ilitoka Oktoba 2014.

Na tarehe inaweza kufanya vituko zaidi: inaweza kukufuata. Sega Saturn ilikuwa imetangaziwa soko la Marekani kuwa itauzwa tarehe 2 Septemba 1995. Tarehe 11 Mei, kwenye E3 ya kwanza kabisa, mkuu wa Sega ya Marekani, Tom Kalinske, alipanda jukwaani na kusema konsoli imeshafika madukani, dola 399. Studio za nje zilizokuwa zikijenga gemu kwa hesabu ya Septemba zikajikuta zimechelewa kwa karamu ambayo hazikuambiwa imeanza. Rafu zilikaa na gemu chache, zenye nembo ya Sega. Virtua Fighter, iliyokuwa ngumi kuu ya Saturn, ilikuwa na miili ya wapiganaji iliyometameta na kukatikakatika, kiasi kwamba Sega ilitoa Virtua Fighter Remix mwaka huohuo kuisafisha sura. Siku hiyohiyo ya Mei, Steve Race wa Sony alipanda jukwaani kuhusu PlayStation, akataja bei, "299", akashuka.

Sasa, muda ukiwa mfupi hivyo, nini hukatwa? Mara nyingi si ubora wa picha, maana picha ndizo zinazouza konsoli. Hukatwa wingi. Forza Motorsport 5, iliyotoka na Xbox One mwaka 2013, ilikuja na magari takriban 200 wakati iliyotangulia ilikuwa na kama 500, na ile njia maarufu ya mbio ya Nürburgring haikuwemo kabisa hadi ilipoongezwa mwaka 2014 bila malipo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Halo: Combat Evolved, kwa sababu wengi wanaikumbuka kama gemu iliyokamilika kila upande. Ilitangazwa mwaka 1999 ikiwa gemu ya kompyuta. Juni 2000 Microsoft ikainunua studio ya Bungie, na gemu ikageuzwa iwe ya kufungulia Xbox ya kwanza tarehe 15 Novemba 2001. Karibu miezi 17, pamoja na kuhamia mashine nyingine. Ukiicheza ukiwa na habari hiyo, utaona mishono. Ina misheni 10, na tatu za mwisho zinakurudisha ulikopita: korongo la theluji ulilolivuka ukienda unalivuka ukirudi, meli ya maadui uliyoiingia mwanzoni unaiingia tena, na unamalizia ndani ya meli uliyoanzia. Bungie waliitumia nyumba ileile, wakabadilisha wageni tu. Maadui wapya wanaifanya safari ya kurudi iwe ya kutisha, na wachezaji wengi hawakustuka kuwa wanatembezwa mahali palepale. Huo kwangu ni ustadi kuliko kuwa na ramani 10 tofauti.

Wengine hupata muda kwa kuuazima. Namco walitoa Ridge Racer na PlayStation ya kwanza huko Japani Desemba 1994, na kazi ya kuihamisha ilichukua kama nusu mwaka. Iliwezekana kwa sababu gemu ilikuwapo tayari kwenye mashine za kumbi za michezo. Njia, magari na hisia ya kuteleza kwenye kona vilishaamuliwa. Kilichobaki kilikuwa kuviingiza kwenye sanduku dogo, jambo gumu, lakini si sawa na kuanza na karatasi tupu. The Legend of Zelda: Breath of the Wild, iliyoibeba Nintendo Switch mabegani Machi 2017, ilianza maisha ikiwa gemu ya Wii U, konsoli iliyoitangulia Switch, na ilikusudiwa kutoka mwaka 2015.

Njia adimu kuliko zote ni konsoli kuisubiri gemu. Nintendo 64 ilitarajiwa mwaka 1995, ikasogezwa hadi ikatoka Japani tarehe 23 Juni 1996 na gemu tatu tu, moja ikiwa Super Mario 64. Watengenezaji wake hawakuanza na ramani. Walitumia muda mrefu kumfanya Mario akimbie, ageuke na aruke vizuri kwenye eneo tupu, akimfukuza sungura wa dhahabu. Sungura huyo walimpa jina la MIPS, jina la ukoo wa prosesa ya konsoli yenyewe, na hawakumtoa: yumo kwenye gemu iliyouzwa, chini ya kasri, bado anakimbizwa. Utajiri wa namna hiyo studio chache huupata. Hata Microsoft, mwaka 2020, ilipoona Halo Infinite haijaiva ilichagua kuizindua Xbox Series X bila gemu yake kubwa, na Halo ikafuata Desemba 2021.

Kuazima nako kuna gharama zake, na hapa Zelda nyingine inanichekesha kila nikiikumbuka. Twilight Princess ilitengenezwa kwa ajili ya GameCube, konsoli ya Nintendo iliyoitangulia Wii, kisha ikavutwa iwe gemu ya uzinduzi wa Wii mwezi Novemba 2006. Wii huchezwa kwa kupunga rimoti kama upanga, na watu wengi hupunga kwa mkono wa kulia. Link, shujaa wa Zelda, wakati huo alikuwa mashoto. Kumchora upya pamoja na kila mwendo wake, imebaki miezi michache, ilikuwa haiwezekani. Basi Nintendo wakaigeuza gemu nzima kama kwenye kioo: Link, milima, mito, vijiji, vyote. Ndiyo maana jangwa ambalo mchezaji wa GameCube hulikuta magharibi, mchezaji wa Wii hulikuta mashariki.