Je, Wajua? Kwa Nini Kuacha Maziwa Hakuzuii Mawe ya Figo

Mtu akigundulika kuwa na mawe ya figo, ushauri anaoupata mapema kutoka kwa ndugu na majirani ni kwamba aache maziwa. Hoja yenyewe inavutia: mawe mengi ya figo yana kalsiamu, maziwa yana kalsiamu nyingi, kwa hiyo mnywaji wa maziwa anajijengea mawe. Sehemu mbili za kwanza za hoja hiyo ni za kweli. Kosa liko katika hitimisho, na kwa wagonjwa wengi kulifuata huongeza hatari ile ile wanayoikimbia.

Mawe hutokea pale mkojo unapobeba madini mengi kuliko maji yake yanavyoweza kuyayeyusha, madini hayo yakagandana kuwa fuwele, na fuwele zikakua. Yapo mawe ya asidi ya yuriki, yapo yanayoletwa na maambukizi ya bakteria katika njia ya mkojo, na yapo ya nadra yanayorithiwa. Lakini yanayopatikana zaidi ni ya oksaleti ya kalsiamu, yaani kalsiamu iliyoungana na oksaleti, kemikali iliyomo kwa wingi katika spinachi, mchicha na karanga, na kwa kiasi fulani katika chai ya rangi. Ini nalo hutengeneza oksaleti, hivyo hakuna chakula kinachoweza kuiondoa yote mwilini.

Linalosahauliwa ni kwamba kemikali hizi mbili zina mahali pawili pa kukutana. Zikikutana ndani ya utumbo, huungana kuwa chumvi isiyoyeyuka, ambayo utumbo hauwezi kuifyonza, ikatoka na choo bila madhara. Zikikosana huko, oksaleti huingia katika damu na kuisubiri kalsiamu kwenye mkojo. Tuchukue mfano wa bandari. Oksaleti ni shehena isiyotakiwa mjini, na kalsiamu ya chakula ni maofisa wa forodha wanaoikamata gatini na kuirudisha ilikotoka. Maofisa wakipunguzwa, shehena hupita, hushika barabara, ambayo ni damu, na kufikia ghala la mjini, ambalo ni figo. Anayeacha maziwa anawaondoa maofisa bandarini kwa sababu amesikia kwamba wenzao walikutwa ghalani pamoja na shehena hiyo, ilhali mahali pa kuizuia palikuwa gatini. Tena ghalani kalsiamu haikosekani hata chakula kikiwa hakina, kwa kuwa mwili huichota mifupani. Na kwa vile katika mkojo oksaleti huwa kidogo sana ikilinganishwa na kalsiamu, nyongeza ndogo tu ya oksaleti ina uzito mkubwa.

Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliofuatilia wanaume zaidi ya 45,000 walieleza kwamba waliokula kalsiamu nyingi katika chakula ndio waliopata mawe kwa uchache, jambo lililokwenda kinyume na ushauri uliokuwa umezoeleka hospitalini. Mwaka 2002 watafiti wa Italia wakachapisha jaribio la wanaume 120 waliokuwa na mawe ya kujirudia: nusu walipewa mlo wenye kalsiamu kidogo, nusu wengine mlo wenye kalsiamu ya kawaida, chumvi kidogo na nyama kidogo. Baada ya miaka 5, mawe yalikuwa yamerudi kwa watu 23 kati ya 60 wa kundi la kwanza, na 12 kati ya 60 wa kundi la pili. Ni haki kusema kwamba milo hiyo ilitofautiana pia katika chumvi na nyama, kwa hiyo sifa yote haiwezi kupewa kalsiamu peke yake. Chumvi ya mezani, kwa mfano, huifanya figo itoe kalsiamu zaidi kwenye mkojo.

Vidonge vya kalsiamu ni suala jingine. Katika jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2006, wanawake waliokoma hedhi waliopewa vidonge vya kalsiamu pamoja na vitamini D walipata mawe kwa asilimia 17 zaidi. Huenda sababu mojawapo ni wakati: kidonge kinachomezwa tumboni pasipo chakula hakikuti oksaleti ya kukamata. Ndiyo maana maziwa, mtindi au dagaa wanaoliwa na mifupa yao hufaa zaidi vikiliwa pamoja na mchicha, katika mlo ule ule. Kuuchemsha mchicha na kumwaga maji yake hupunguza oksaleti pia.

Watu wa mwambao huyashuku vilevile maji ya visima, kwa kuuona ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko huo ni kabonati ya kalsiamu, tofauti na oksaleti, na ushahidi wa kuyalaumu maji hayo ni dhaifu. Kinachojulikana kwa uhakika ni kwamba maji machache ni hatari: lengo ni kunywa kiasi cha kutoa mkojo wa lita 2.5 kwa siku, na anayefanya kazi juani, Dar es Salaam au Muscat, huhitaji zaidi kwa sababu ya jasho.

Kuhusu tiba, jiwe lisilofikia milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe, mgonjwa akisaidiwa kwa dawa ya maumivu kama diklofenaki ikiwa figo zake zinairuhusu. Makubwa zaidi huvunjwa kwa mawimbi ya mshtuko, njia iliyotumika kwa binadamu mara ya kwanza mjini Munich mwaka 1980, au kwa leza inayopitishwa katika njia ya mkojo, au hutolewa kupitia tundu dogo mgongoni. Maumivu ya ubavu yakiambatana na homa, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, kwani usaha ulionaswa nyuma ya jiwe unaweza kuua.

Jiwe likitoka lisitupwe. Mgonjwa akojoe kupitia kitambaa safi au chujio, alihifadhi, alipeleke maabara. Maana likiwa ni la asidi ya yuriki, dawa ya kupunguza ukali wa asidi ya mkojo inaweza kuyayeyusha yaliyobaki bila upasuaji, jambo lisilowezekana kwa jiwe la oksaleti.