Mkataba unapigwa kalenda miaka na miaka, na bado hatugomi: sheria ya Marekani inavyotufunga sisi wa rampu

"Hivi nyie wa airport huko Marekani, kama bosi hataki kusaini mkataba si mgome tu?" Hili swali haliishi kwenye magrupu ya wasapu, na wanaouliza wana mfano mkononi kabisa. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa JKIA Nairobi waligoma kupinga mpango wa kuwapa Adani, kampuni ya India, ule uwanja, abiria wakajazana nje na mabegi yao, na jioni ileile yakasainiwa makubaliano ya kurudi kazini. Siku moja tu! Sisi huku mazungumzo yanavuka mwaka, yanavuka mwaka mwingine, watoto wanamaliza shule, na kila mwezi chama cha wafanyakazi kinatuma taarifa ileile kwamba "tunaendelea na usuluhishi".

Mimi napakia mizigo kwenye ndege pale rampu, yaani pale ndege zinapoegeshwa, na kwenye shifti yetu ndimi mwakilishi wa chama, kwa hiyo hii kitu naielezea karibu kila wiki, kwa Kiingereza kwa wenzangu na kwa Kiswahili kwa ndugu zetu waliojaa rampu siku hizi. Leo naiandika mara moja, nikiulizwa tena natuma linki.

Kitu cha kwanza, sisi wa ndege huku tunaongozwa na sheria ya treni. Sio utani. Mwaka 1926 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Kazi za Reli, lengo lake kubwa ni kwamba ugomvi wa mabosi na wafanyakazi usisimamishe treni maana treni zikisimama nchi imesimama, na mwaka 1936 wakachukua mashirika ya ndege wakayaweka humohumo. Wafanyakazi wengi wa kampuni binafsi wako chini ya sheria nyingine, ya 1935, ambayo mkataba ukifika tarehe yake umeisha, na mkiamua kugoma mnagoma. Wetu hauishi. Ule mkataba una tarehe ya kufunguliwa kwa marekebisho basi, ikipita unaendelea na mshahara uleule, bima ileile, ratiba zilezile, mpaka mpya upatikane. Bosi haruhusiwi kubadilisha kitu na nyie hamruhusiwi kugoma, wote mnakaa mlipo.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni haki bin haki. Lakini jiulize nani anaumia kukaa alipo. Bei ya kodi ya nyumba inapanda, mayai yanapanda, bosi anaendelea kukulipa mshahara wa miaka minne iliyopita na kila mwezi unaopita bila mkataba ni pesa imebaki kwake. Malimbikizo? Hayapo kisheria, nayo yanaombwa mezani kama kitu kingine chochote na mara nyingi mnapata kipande tu.

Sasa safari yenyewe inakwenda hivi. Upande mmoja unatoa notisi ya kutaka mabadiliko, mnakaa wenyewe kwa wenyewe, mkishindwana yeyote anaweza kuomba Bodi ya Taifa ya Usuluhishi, NMB, ambayo ni chombo cha serikali kuu, ina wajumbe watatu wanaoteuliwa na rais na kupitishwa na Seneti, na wasizidi wawili wa chama kimoja cha siasa. Bodi inaleta msuluhishi. Na hapa ndipo watu wengi wanapotea: usuluhishi huu hauna mwisho. Sheria haikuweka siku 30 wala 90 wala mwaka. Msuluhishi ndiye mwenye kalenda, anasema tukutane lini, wapi, tuongelee kipengele gani, na akiona hampeani kitu anaweza kufunga faili, akawaambia rudini nyumbani nitawaita. Anaweza kukaa miezi bila kuwaita. Hajavunja sheria yoyote.

Tena usifikirie msuluhishi ni hakimu. Hana uwezo wa kumwamuru mtu kitu. Kikao chenyewe mara nyingi kiko hotelini, kampuni wana chumba chao, chama kina chumba chake, na yeye anatembea kwenye korido katikati akibeba karatasi. Mnaweza kukaa toka asubuhi mpaka saa kumi hamjamwona mtu wa kampuni hata mmoja, mnakunywa kahawa na kubishana wenyewe kuhusu sentensi moja ya ovataimu, halafu anaingia, anafunga mlango, anakaa, anasema "hiki hamtakipata, nipeni kingine". Anapima nani amechoka. Kazi yake ndiyo hiyo, kungoja mpaka wote wachoke sawasawa.

Mfano mzuri ambao uko kwenye kumbukumbu za umma ni American Airlines. Wao waliungana na US Airways mwaka 2013, kwa hiyo wakawa na mafundi na wapakiaji wa pande mbili wenye mikataba miwili tofauti, na vyama viwili, TWU na IAM, vikaunda umoja vikae meza moja. Mazungumzo yakaanza Desemba 2015. Aprili 2019 yakakwama kabisa na vikao vikasimamishwa. Makubaliano ya awali yakaja Januari 2020, kura ikapitisha Machi 2020, yaani wakati uleule korona inaanza kuzilaza ndege. Miaka minne na ushee, watu zaidi ya 30,000.

Walikwama wapi? Watu wa nje wanadhani ni mshahara. Mshahara bwana mara nyingi ndio rahisi, ni namba, namba zinagawanyika katikati. Pale palikuwa na bima ya afya, maana upande wa US Airways walikuwa na bima nzuri na hawakutaka kuiacha, palikuwa na pensheni, na kubwa kuliko vyote palikuwa na kipengele cha kazi ni ya nani. Hiki ndicho ninachowaambia vijana wakisome kabla hata hawajaangalia ukurasa wa mshahara. Kinasema viwanja gani lazima mizigo ipakiwe na waajiriwa wa kampuni yenyewe na viwanja gani kampuni inaruhusiwa kumpa mkandarasi, na mara nyingi kinapimwa kwa idadi ya safari: uwanja wenu ukiwa na ndege kadhaa kwa siku kazi ni yenu, zikishuka chini ya hapo anaingia mkandarasi. Kwa hiyo meza nzima inaweza kukesha ikibishania kama namba iwe hii au ile, na kila tarakimu inayopanda ina maana kuna mji mdogo fulani ambao watu wake wote wanaambiwa hameni au acheni kazi. Kwa mafundi ni hivyohivyo, ni ndege ngapi zifanyiwe matengenezo makubwa ndani na ngapi zipelekwe nje ya nchi ambako fundi ni bei chee. Ukipewa nyongeza ya dola tano kwa saa halafu kipengele hiki kikalegezwa, umepewa pesa ya kazi ambayo mwakani haipo.

Na hii kazi jamani sio ya kuonea wivu. Kwenye tumbo la Boeing 737 husimami, ni magoti au makalio, mkanda unaleta begi, begi la kawaida mwisho kilo 23 lakini yapo ya 32, unalivuta, unalizungusha, unalirusha nyuma kwa mwenzako naye analipanga kama matofali mpaka darini. Kiangazi mle ndani ni tanuri. Halafu mtu juu kwenye kiti anaangalia dirishani analalamika kwa nini ndege haijaondoka.

Sasa mtu ataniambia, sawa hamruhusiwi kugoma, fanyeni mgomo baridi. Punguzeni mwendo, kataeni ovataimu, fuateni kila mstari wa kitabu cha usalama. Hao wa American walishtakiwa kwa hilohilo. Mei 2019 kampuni ilikwenda mahakamani ikisema mafundi wanachelewesha ndege kwa makusudi, vyama vikakana, na Jaji John McBryde wa Fort Worth akatoa zuio, kwanza la muda, halafu Agosti likawa la kudumu. Marubani wa kampuni hiyohiyo walipata kikubwa zaidi mwaka 1999, walipojidai wagonjwa kwa wingi na kuendelea hata baada ya mahakama kuwaambia warudi, chama chao kikapigwa faini ya takriban dola milioni 45. Ndio maana nikiona mtu kwenye grupu letu la kazini anaandika "wikiendi hii tusichukue ovataimu" namwambia futa, sasa hivi. Zile meseji ndizo mwanasheria wa kampuni anazozipeleka kwa jaji.

Na zile habari za "wafanyakazi wapiga kura ya mgomo kwa asilimia 99"? Hiyo kura inaruhusu viongozi kuitisha mgomo siku sheria ikiruhusu. Siku hiyo inaweza isifike. Ni kelele halali ya kumwonyesha msuluhishi kwamba wanachama hawatanii, sawa na yale maandamano ya kubeba mabango nje ya mlango wa abiria siku ya mapumziko yako. Yanaruhusiwa, nami naenda, ila tusidanganyane kwamba ndio mgomo.

Mlango wa mgomo ni mmoja. Bodi ikiona imeshindwa kabisa inawapa pande zote pendekezo: mpelekeni mwamuzi aamue na uamuzi wake uwe wa mwisho. Upande wowote ukikataa, bodi inawaachia, na hapo saa inaanza kuhesabu siku 30 za kupoza hasira. Zikiisha ndipo kampuni inaweza kuweka masharti yake na nyie mnaweza kugoma. Isipokuwa rais akiingilia, maana anaweza kuunda bodi ya dharura na mgomo unasogezwa siku 60 nyingine. Bill Clinton aliwazuia marubani wa American Februari 1997 dakika chache tu baada ya mgomo kuanza, na George W. Bush akawazuia mafundi wa mashirika ya Northwest na United mwaka 2001. Baada ya hapo Bunge nalo linaweza kupitisha sheria ya kuwalazimisha mkataba, waulizeni watu wa treni yaliyowakuta Desemba 2022.

Wakati mwingine rais haingilii. Machi 1989 wapakiaji na mafundi wa Eastern Air Lines, kama 8,500 hivi, waliachiwa baada ya usuluhishi wa zaidi ya mwaka, Bush mkubwa, baba yake George W., akakataa kuunda bodi ya dharura, wakagoma, marubani na wahudumu wa ndani wakawaunga mkono, na kampuni ndani ya siku chache ikakimbilia ulinzi wa kufilisika. Januari 1991 Eastern ikafa. Wazee wa rampu bado wanabishana kama ule ulikuwa ushindi au msiba, kuna wanaosema mwenye kampuni, Frank Lorenzo, alikuwa ameshaanza kuiuza vipande vipande hata kabla. Na mafundi wa Northwest waliogoma Agosti 2005 walikuta kampuni imeshaandaa watu wa kushika nafasi zao. Ndege ziliendelea kuruka. Kwa hiyo hata ule mlango ukifunguka usidhani upande wa pili kuna sherehe.

Ukilinganisha na nyumbani unaona tofauti iko kwenye saa. Kenya ukishamaliza siku 30 za upatanishi na hamjaelewana unatoa notisi ya siku saba. Tanzania CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ina siku 30 za usuluhishi, mnapiga kura, mnatoa notisi ya saa 48. Waongoza ndege hawamo kwenye hiyo ruhusa maana ni huduma muhimu, huko Kenya na Tanzania kote, lakini mpakia mizigo anajua angalau siku za kuhesabu. Mimi kwa maoni yangu huku wangeweka ukomo, hata mwaka mmoja tu. Sio ili tugome, ila bosi anayejua tarehe inakuja anajibu barua haraka.

Kuna kundi moja huku haya yote si lazima yaliguse, na humo waswahili ni wengi: wanaosukuma viti vya magurudumu, wanaosafisha ndege, wanaofagia kumbi. Wameajiriwa na wakandarasi, na kuna mvutano wa muda mrefu kuhusu nani kati yao yuko chini ya sheria ya treni na nani chini ya ile ya 1935. Ndio maana Novemba 2024, wiki ya sikukuu ya Shukrani, wafanyakazi wa wakandarasi pale Charlotte waligoma saa 24 na hakuna aliyewaambia wangoje msuluhishi. Kwa hiyo ukiwa na shangazi au mdogo wako kwenye kampuni ya kandarasi usimwambie "airport hatugomi", muulize kwanza kampuni yake iko chini ya sheria ipi.

Na kwa nyie mnaonitumia meseji kila Novemba mkiuliza kama mnunue tiketi ya Desemba ya kwenda Dar au mngoje: msihangaike na kichwa cha habari kinachosema mazungumzo yamekwama, wala kura ya asilimia 99. Tafuteni kama bodi imetoa lile pendekezo la mwamuzi na kama kuna upande umekataa. Kama halijatoka, nunua tiketi. Kama limetoka na limekataliwa, chukua tarehe bodi iliyowaachia, ongeza siku 30, halafu angalia safari yako inaangukia wapi.