Si kweli kwamba wanawake huwakataa wanaume wapole

Ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu unadai mwanaume mstaarabu hapendwi, eti wanawake hutaka wakorofi. Si kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990, uliofanywa katika nchi 33, ulionyesha wema na uelewa vikiwa juu miongoni mwa sifa ambazo wanawake na wanaume walizitaka kwa mwenzi.

Watu huchanganya upole na kunyamaza. Kijana anamjulia hali mwanamke anayempenda miezi mingi bila kusema anachotaka, anachukuliwa kuwa rafiki tu, kisha anaumia, na maumivu hayo ni ya kweli. Ukitaka kuhakikisha, soma tena jumbe zako: uliwahi kumwalika waziwazi, ukataja siku, saa na mahali? Akikataa, hajakataa ustaarabu wako. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Unawafundisha vijana ukali usiowasaidia.