Meza haijatoka kwenye kumeza, na Kiswahili sio Kiarabu jamani

Nafundisha Kiswahili wageni hapa Arusha, sasa kila msimu ukianza lazima mmoja aniletee ya guide wake: eti mwalimu, Kiswahili si ni Kiarabu kilichochanganywa na lugha za bara? Nimechoka kuisikia hii. Jina Swahili kweli ni la Kiarabu, lina maana ya pwani, lakini jina sio lugha. Ingia jiko la mama yeyote Ngarenaro uangalie, maji, moto, chungu, kisu, mwiko, jiko lenyewe, yote hayo Kibantu, na ukibisha muulize Mmalawi, kwao moto ni moto, nyumba ni nyumba, maji ni madzi, sidhani kama walingoja Mwarabu afike ndo waote moto.

Maneno ya Kiarabu yapo mengi tu, sahani, sabuni, kitabu, sijakataa. Ila cheki kitabu kilivyofanywa. Mwarabu anasema kitab, vikiwa vingi kutub. Sisi tukasikia ile ki ya mwanzo tukaona hii si ndo ya kiti na kisu, tukasema vitabu, basi neno likavalishwa yunifomu yetu siku ileile. Ndo maana darasani nakomaa na wingi kwanza, asili baadaye, na wanaoniona mkorofi waendelee kuniona.

Halafu kuna hii ya meza, eti kwa sababu watu wanamezea chakula pale. Hapana bwana! Kufunika kunazaa kifuniko, hakuzai "funika", sasa kumeza kuzae meza kwa utaratibu gani? Ni mesa ya Wareno, hao walioanza kufika pwani yetu na Vasco da Gama 1498, wakatuachia na bendera, leso, mvinyo, na gereza pia, ambalo kwao igreja ni kanisa.

Shule nayo sio ya Mwingereza. Ya Mwingereza ni skuli, iko Zanzibar. Shule ni Schule ya Mjerumani, huyuhuyu wa Boma hapa mjini, na hela ni yake pia, ilikuwa sarafu ya heller, kuanzia 1904 mia moja zinafanya rupia.

Serikali kuwa "siri kali" ni utani mtamu, ila neno ni la Kiajemi, sarkar.

Na nyie maguide, mgeni akikuuliza asili ya neno na huna uhakika, mwambie ntakuulizia. Tipu haipungui.